Baridi ya Mchana

"Dawa ya pamba imemlevya," alisema Elina, akimnywesha mwanawe Ngassa kikombe kingine cha maziwa. Pale kijijini Nkoma ndivyo walivyozoea: mpulizaji wa dawa akitapika, apewe maziwa, alazwe kivulini.

Siku nne kabla, Ngassa alikuwa amepuliza dawa shambani bila kufunika pua. Jioni yake kichwa kikamgonga, akatapika. Hakuna aliyeuliza zaidi, hata mkewe Felisita.

Lakini leo mashaka yalimwingia Felisita. Asubuhi mumewe alikuwa ameamka na nafuu, akala uji, akatania kwamba kwa maziwa haya ataota pembe. Sasa jua likiwa utosini, alikuwa amejikunyata uani ndani ya koti, meno yakigongana. Juzi alitetemeka vivyo hivyo.

"Mayu," Felisita alimwambia mama mkwe wake kwa upole, "bomba la dawa halijaguswa tangu siku ile. Sumu gani hii inayoondoka na kurudi?"

"Mkamwana, mimi nimelima pamba kabla hujazaliwa."

Felisita akapiga magoti mlangoni. "Bwana, nifumbue macho," aliomba hayo tu. Alipoinuka akamgusa mumewe shingoni. Mwili ulikuwa wa moto kama chungu kilichotoka jikoni, naye bado analalamika baridi. Weupe wa macho yake umegeuka manjano.

Ngassa akamkodolea macho. "Mama, samahani, umewaona ng'ombe wangu?"

Hakumtambua mkewe. Kikombe kikamponyoka Elina mkononi.

Felisita alimwita jirani yao Maduhu, mwenye bodaboda. Wakampakia Ngassa katikati, wakamfunga kwa kanga. "Mshike sana, shemeji," alisema Maduhu. "Akilegea, tumeanguka wote."

Kwenye zahanati, muuguzi Lucy aliuliza amekula nini.

"Alipuliza pamba. Ila homa yake inakuja na kuondoka, na sasa hanijui. Mpime malaria, dada, nakuomba."

Lucy akammulika machoni, akamchoma kidole. Wakangoja. Felisita hakuthubutu kukitazama kile kipimo. Alitazama midomo ya mumewe, akihesabu pumzi zake kama rozari.

"Ni malaria, imepanda kichwani," alisema Lucy, tayari akivuta dawa kwenye sindano. "Nawaitia gari la wagonjwa. Hapa hatulazi mtu wa hali hii."

Alfajiri, katika wodi ya hospitali ya wilaya, dripu ikidondoka, Ngassa alifumbua macho.

"Felisita."

Mkewe akamwinamia.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko nje, Maduhu kamleta, anasali."

"Mwambie asije na maziwa."

Felisita akajifunika uso kwa kanga, akamshukuru Mungu kimyakimya, mabega yakimtikisika.