Waya wa Roshani ya Ng'ambo

Tangu anunue nyumba ya kupangisha ng'ambo, Bwana Ng'ambo hakutulia. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa karakana ya kuchomelea mageti, naye alilipokea kwa kicheko cha mtu anayejifanya halipendi. Nyumba yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Aliinunua kwa picha: sebule, jiko, na roshani ya ghorofani yenye vyuma vilivyopakwa rangi nyeupe. Alimwambia mkewe nyumba hiyo itawalisha uzeeni, mkewe akasema haya, tuone.

Wakala wa huko alimpa sharti moja, tena alilirudia kama anayemtuma mtoto dukani: mpangaji akiwa na lalamiko, alilete ofisini. Wewe usiguse kitu. Mtu akiumia kwa ubovu wa nyumba, anayeshtakiwa ni wewe mwenye nyumba, na bima italipa tu kama matengenezo yamefanywa na fundi mwenye kibali.

Bwana Ng'ambo alielewa vizuri sana. Tatizo ni kwamba mpangaji alikuwa mwanamke wa kwao, aliyehamia huko, na siku ya kwanza tu alimwita kaka. Sasa dada akupigie simu akwambie, "Kaka, vyuma vya roshani vinacheza," nawe umwambie aende akapange foleni ofisini kana kwamba hamjuani? Tena vyuma! Mtu aliyeota mvi akichomelea vyuma! Alimwambia aelekeze kamera, akaona nguzo ya pembeni imeachia ukuta, akamwagiza atafute waya mnene, aifunge nguzo kwenye bomba lililo karibu, akaze kwa koleo.

"Hapo hapo. Kaza tena. Umeshakuwa fundi, dada." Wakacheka wote wawili.

Kesho yake kazi ikamshinda. Mikono iko kwenye geti la mteja, akili iko roshanini. Lile bomba lilikuwa la chuma au la plastiki? Kwa nini hakuuliza, fundi mzima? Aliwasha mashine, akaizima, akaiwasha tena. Mwenzake akamuuliza kama anachomelea au anacheza na swichi. Mwishowe alitoka nje akampigia wakala, akauliza kwa kuzungukazunguka: tuseme kuna mwenye nyumba amemwelekeza mpangaji atengeneze kitu mwenyewe...

"Huyo amejivua bima kwa mkono wake," wakala akamkatiza. "Akianguka mtu, atauza nyumba alipe, na isipotosha watamfuata hadi kwake. Mbona unauliza, mzee?"

"Nauliza tu."

Alikata simu. Ujanja ulimjia upesi, tena ulikuwa mzuri: dada autoe waya, kisha aende ofisini kama mtu aliyegundua ubovu leo. Nani atajua? Akapiga. Ikapokelewa na sauti ya bibi.

"Binti yangu kashuka dukani, simu kaiacha. Mimi mama yake, nimekuja kumlelea mtoto. Wewe ndiye kaka mwenye nyumba? Asante sana, baba. Nilikuwa naogopa kukaa huku roshanini, lakini alivyoniambia kafunga kwa kuelekezwa na fundi mwenyewe, nimeegemea hapa tangu asubuhi, naota jua na mjukuu wangu."

Aliogopa hata kupaza sauti, asije akamshtua.

"Mama, usiegemee. Mshike mtoto vizuri. Inuka polepole, uingie ndani."

"Kwani si mmefunga?"

"Nimemfungisha vibaya, mama. Ingia."

Akasikia kiti kikiburuzwa, mtoto akilalamika kutolewa juani, kitu cha chuma kikigonga ukuta. Kisha kimya. Akaita mama, mama, mpaka wenzake wakatoka kumtazama.

"Tumeingia, baba. Mlango nimefunga. Mbona unahema hivyo?"

Bwana Ng'ambo alikuwa ameketi chini, kwenye vumbi la chuma, na machozi yanamtoka mbele ya watu.

"Binti akirudi, aende ofisini kwa wakala. Aseme aliyemwambia afunge waya ni mimi."

"Na wewe hawatakusumbua?"

"Watanisumbua, mama. Mwambie aende leo."