Kaifuta Nani?

Wageni wakitangazwa Pemba, kwanza hutafutwa fagio. Wawe wanakuja kula au kukagua, uwanja utafagiwa, kuta zitapigwa chokaa, na kila kiti kilichochoka kitafichwa nyuma ya nyumba. Mzee Ngwali, mkuu wa kituo kidogo cha utafiti wa mwani pale Wete, aliifuata ada hiyo kwa moyo mkunjufu. Alipokwisha kufagia uwanja na kuondoa viti vibovu, akaigeukia kompyuta.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, na likamwangukia mtu mwengine kabisa.

Mtu huyo ni Shadya, mtafiti wa kituo, mke wa Hija, na Hija ni mtoto wa Mzee Ngwali. Kwa hiyo mzee alikuwa mkubwa wake ofisini na mkwewe nyumbani, na hakuna mlango aliopita asimkute. Kwa miaka mitatu Shadya alikuwa akishuka ufukweni Kiuyu na Msuka maji yakitoka, akipima joto la bahari pamoja na wanawake wanaolima mwani. Vipimo akavitia kwenye daftari la kompyuta. Daftari hilo si la karatasi. Ni ukurasa wa kwenye skrini: unaandika amri kwa Paithoni, lugha moja ya kompyuta, na chini yake majibu na michoro inajitokeza. La Shadya lilikuwa likitabiri siku ambazo maji yatapata moto na mwani kuoza, ili wanawake wavune mapema. Mwaka uliopita lilisema kweli, na waliomsikiliza wakaokoa mashamba yao.

Sasa kazi ile ilitakiwa ienee Pemba nzima, na atafutwe mtu mmoja wa kuiongoza. Bi Rahila, mkubwa wa mradi kutoka Unguja, alikuwa anakuja kuliona daftari likifanya kazi mbele ya macho yake. Likimridhisha, nafasi ni ya Shadya. Shadya aliitaka nafasi ile kwa roho yake yote, wala hakuona haya kuitaka. Ilikuwa jasho lake.

Siku moja kabla ya ugeni alikuwa Kiuyu, anamalizia vipimo. Huku nyuma Mzee Ngwali akakumbuka kwamba Bi Rahila aliwahi kutaja kwenye simu kuwa mradi unatumia toleo jipya la Paithoni. Mzee wa watu akatafuta video, akavaa miwani, akafuata hatua moja moja mpaka Paithoni mpya ikaingia kwenye mashine. Mpaka hapo hakukosea kitu. Lakini akaona na ile kongwe bado ipo, imekaa tu, na kwake yeye vitu viwili vya kazi moja katika nyumba inayongoja mgeni ni uchafu. Akaifuta. Kisha akaenda zake msikitini, roho imemtulia.

Asubuhi Shadya aliingia ofisini miguu ina mchanga, akamkuta Bi Rahila keshakaa kwenye kiti kipya. Wakasalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, na Shadya akafungua daftari. Lilifunguka vizuri, maandishi yake yote yamo. Akabonyeza lianze kuhesabu. Likagoma. Juu ya skrini pakatokea ujumbe kwamba keneli haikupatikana. Keneli ndiyo inayofanya hesabu. Ikikosekana, daftari linabaki la kusomwa tu.

Alijaribu tena, na tena. Mzee Ngwali akamsogelea, akainama karibu na sikio lake, uso umemwangaza kwa furaha.

"Nshatia ile mpya, mwanangu," akamnong'oneza. "Na kongwe nshaiondoa, mgeni asije akaiona."

Daftari la Shadya lilikuwa limeelekezwa kwenye Paithoni ile ile ya zamani, na nyenzo zake zote za hesabu na michoro zilikuwa zimepangwa humo. Sasa lilikuwa linabisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa. Alitamani kupiga kelele. Badala yake akasema, "Ahsante, baba," kwa sababu mkwe huambiwa ahsante.

Bi Rahila aliletewa chai na mkate wa kumimina, na Shadya akaanza kazi. Akatenga sehemu safi kwa ajili ya Paithoni mpya, akaanza kuzipakua nyenzo upya kwa kutumia mtandao wa simu yake. Mtandao ulikuwa ukienda na kusita. Akaisajili keneli mpya, akarudi kwenye daftari akalichagulia hiyo. Likaamka, likaenda mistari miwili mitatu, likasimama: amri moja aliyokuwa akiitumia ilikuwa haimo tena kwenye nyenzo mpya. Lakini kichwa chake kilikuwa kizima. Alijua pa kushika.

Bi Rahila aliweka kikombe chini, akaja akasimama nyuma yake.

"Kumetokea nini, Shadya?"

"Paithoni ya zamani imefutwa, Bi Rahila. Daftari lilikuwa linaitegemea. Nalihamishia kwenye mpya, si muda litakwenda."

"Imefutwa na nani?"

Aliuliza bila ukali, kama anayeuliza chumvi iko wapi. Shadya aligeuza uso kidogo kumtazama mkwewe, akampa nafasi. Ilikuwa nafasi kubwa, ya kupita ng'ombe. Neno moja tu lingetosha: *mimi*. Bi Rahila angecheka, wangecheka wote, na shughuli ingeendelea. Mzee Ngwali alikuwa anakitazama kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimetumbukia humo. Mwezi ujao alikuwa anastaafu. Walikwisha kumwandalia maulidi ya kumuaga, na sifa zake za miaka yote zisomwe mbele za watu.

Na Shadya alikuwa mtoto wa Kipemba, aliyefundwa akafundika. Mkwe hatajwi kwa kosa mbele ya mgeni. Mkwe husitiriwa, hata kama aibu yenyewe kaivaa kwa mikono yake.

"Ni mie," akasema. "Mie niliyeifuta jana."

Mzee Ngwali akanywa chai.

Shadya aliugeukia mstari uliokwama, akaubadilisha, akaliendesha daftari tangu mwanzo. Safari hii lilikwenda mpaka mwisho. Mchoro ukatoka, joto la Kiuyu na la Msuka, na zile wiki za hatari zimejipambanua kwa rangi nyekundu. Bi Rahila aliuinamia kwa muda mrefu, akauliza maswali, akajibiwa yote. Macho yake yalionyesha kuwa amefurahi, na Shadya akaanza kupata matumaini. Mjinga yeye.

"Kazi hii ni nzuri sana," Bi Rahila alisema alipokuwa anaaga. "Nakwambia ukweli, sijaona ya kuishinda. Lakini nitakuwa naweka vituo vyote vya Pemba mikononi mwa mtu mmoja. Mtu anayefuta kitu jana, na leo kuna wageni, bila kujaribu wala kuuliza... siwezi, mwanangu. Nitampa Abdulnasir wa kituo cha Chake. Wewe utamwonyesha daftari linavyokwenda."

Shadya alimtazama tena mkwewe. Mara hii hakuwa anampa nafasi; alikuwa anamwomba. Mzee Ngwali alikuwa keshatangulia mlangoni, anamtafutia mgeni viatu vyake.

Nyumbani alimwambia Hija kila kitu, akilia kwa hasira. Hija alimsikiliza, akamshika mkono, akambusu kichwani. "Umemsitiri baba yangu," akasema. "Mungu atakulipa." Shadya alimwuliza kama yeye hatamwambia baba yake akampigie simu Bi Rahila, aseme ukweli kabla Abdulnasir hajaletwa. Hija akasema mambo yameshapita, tena mzee ana presha. Ikawa basi.

Ijumaa walikula pamoja, familia nzima, kwa Mzee Ngwali. Wali wa nazi, mchuzi wa pweza, watu wamejaa ukumbini. Mzee alikuwa mchangamfu, anasimulia ugeni ulivyofana na jinsi Bi Rahila alivyousifu uwanja. Kisha akamgeukia Shadya, na sauti yake ikawa ya upole wa kweli kabisa, haina hila hata chembe.

"Na weye, mwanangu, usijitie unyonge," akasema mbele ya wote. "Kukosea kupo. Lakini siku nyengine usifute kitu bila ya kuniuliza mie. Ningekwambia."

Shadya aliyatafuta macho yake, apate kuona kama anatania au anamwomba radhi kwa njia ya mzunguko. Hakuona kitu. Mzee alikuwa anaamini alichosema. Kichwani mwake alikuwa keshaifuta na siku ile yenyewe, akatia mpya.

Akamtazama mumewe. Hija alikuwa anachambua pweza wake.

"Hewala, baba," akasema Shadya, akamwongezea mkwewe mchuzi.