Kitabu cha Walioumia

Ilikuwa mwaka wa 1977, msimu wa vuli, kahawa ilipoiva yote kwa pamoja katika vilima vya Kianjokoma na kiwanda cha ushirika kikakosa hata nafasi ya kupumua.

Jumatano moja, mkanda wa injini iliyoendesha mashine ya kumenya buni ulikatika. Ulipita karibu na sikio la Njuki, mwendeshaji wa mashine, ukaitupa kofia yake katika mfereji wa kuoshea kahawa. Kikinga cha bati kilichopaswa kuuzuia kilikuwa kimeegemezwa ukutani tangu Agosti, kwa kuwa kukifungua na kukifunga kulimchosha nyapara Salesio. Watu walicheka wakashika mbavu. Jumapili Njuki alisimama kanisani akashuhudia jinsi Bwana alivyomwokoa, akatoa jogoo wa shukrani, akapigiwa makofi.

Ciakuthii, msimamizi wa wachambuzi wa buni, hakupiga makofi. Njuki alikuwa mtoto wa kaka yake, na mikono aliyokuwa nayo ilikuwa miwili tu. Katika kiwanda kile watu walinusurika kila mwaka, na kila mara habari ilipelekwa mbinguni bila kupitia ofisini.

Jumatatu alimkabili nyapara.

"Andika habari ya mkanda katika kitabu cha ajali, kisha ukirudishe kikinga."

"Mama, kitabu hiki ni cha walioumia. Damu iko wapi?"

"Unangoja nikuletee kwa debe?"

Salesio akawageukia wafanyakazi. "Mmesikia? Kofia itibiwe!"

Aliyecheka kuliko wote ni Njuki. "Shangazi, ushuhuda nimeshatoa. Mungu ameipata taarifa."

"Mungu hafungi nati, bwege wewe. Fundi ndiye afungaye, na fundi haitwi kwa jogoo."

Akaomba kalamu aandike mwenyewe. Akanyimwa. Alimtazama Salesio kama atazamavyo buni iliyotobolewa na wadudu: mtu mzima, funguo saba kiunoni, fikira hata moja kichwani hamna.

Siku ya kumi na moja baada ya Jumatatu hiyo, mkanda mpya nao ulikatika. Safari hii haukutaka kofia. Uliuvuta mkono wa kuume wa Njuki, na vidole vitatu vikabaki ndani ya mashine. Salesio aliandika papo hapo, kwa hati nzuri ajabu, maana sasa damu ilikuwapo ya kumtosha. Kikinga kilirudishwa alasiri ileile. Kazi ya dakika kumi.

Njuki aliporudi kutoka hospitalini, mikahawa yake mia mbili shambani ilikuwa imeiva kupita kiasi, na buni zilikuwa zikidondoka matopeni. Ciakuthii akaenda nyumbani kwa Salesio, akasema naye mbele ya mkewe.

"Njuki hana mkono wa kuchumia. Wewe unao."

"Mama, mimi ni nyapara..."

"Nyapara wa nini? Wa kofia? Utachuma, au niwaeleze wanachama mkutanoni nilichokuomba Jumatatu ile?"

Kulipopambazuka Salesio alifika shambani kwa Njuki na kikapu. Jioni Ciakuthii akakimwaga kikapu hicho juu ya gunia, akaona mbichi zimechanganyika na zilizoiva.

"Hata wekundu huujui! Chambua."

Nyapara akapiga magoti akachambua, moja moja. Kesho yake akaanza mstari wa pili, na hakuondoka katika shamba lile mpaka alipoumaliza mkahawa wa mia mbili.