Mfuko Huu Huoza

Mama Tangi alimimina molasi, akafunga kifuniko, akatega sikio kwenye bati la tangi la kiwanda. Bakteria walikuwa wanakula. Wakishiba hunenepa mafuta meupe, na mafuta hayo ndiyo plastiki: hukamuliwa, huyeyushwa, ikatoka mifuko yenye chapa MFUKO HUU HUOZA KATIKA MIEZI MITATU. Mfuko mmoja Mama Tangi aliufukia bustanini kwake ukageuka udongo, kunde zikamea juu yake.

Ila siku hizi tangi lilikuwa lilelile moja, na mifuko ilitoka milima kwa milima. Halafu lango la nyuma lilipokea magunia ya punje za plastiki ya kawaida, ile isiyojua kufa. Alipouliza, meneja alimjibu, "Mama, wewe lisha wadudu wako."

Mfuko wa punje hauozi hata ukingojwa mpaka kiama. Lakini ulikuwa umeandikwa huoza, na ahadi ni deni, basi uliitimiza kwa njia iliyobaki: uliwaoza watu. Miezi mitatu ikitimia, aliyeupokea na aliyempa waliamka mke na mume. Muuza vitunguu alimpata karani wa posta hivyohivyo. Majirani walisema hongera, wakaenda kazini.

Mama Tangi hakucheka. Binti yake alikuwa anangoja kwenda chuo cha uuguzi, ndoto aliyoililia tangu utotoni. Kila mfuko ulioingia nyumbani mama aliunusa. Wa kweli hunukia siki kidogo. Usio na harufu aliurudisha dukani siku hiyohiyo. Mmoja tu ulimponyoka, ukalala miezi mitatu uvunguni mwa kitanda cha binti, ule aliofungiwa viatu vya chuo na fundi.

Asubuhi ya safari fundi viatu alibisha hodi, sanduku mkononi, ndevu kanyoa.

"Shikamoo, mama mkwe."

"Marahaba," alijibu, maana salamu haikataliwi. Roho ilimuuma sana.

Binti alivua viatu vipya, akaenda kuchemsha chai.

Mama Tangi aliubeba mfuko hadi kiwandani, akauweka mezani kwa meneja. Haukuwa na hata kitundu.

"Haukuoza huu."

"Binti hajambo?"

"Ameolewa."

"Nani kamwoza?"

Mama Tangi aliugonga mfuko kwa kidole.

"Sasa mbona unasema haukuoza? Hongera, mama."

Meneja aliukunja vizuri, akaurudisha kwenye rundo la kuuzwa. Kwenye lango la nyuma lori lilipiga honi.