Harufu ya Mafuta ya Papa

Mardhiya alikuwa na siku tisa tangu azaliwe, nami nilikuwa ndani ya arobaini yangu, nimelala kwenye kitanda cha kamba, tumbo limefungwa kanga, na dunia yote ikinifikia kupitia dirisha moja dogo. Ulikuwa mwezi wa Machi, mwaka 1955, kijijini kwetu upande wa baharini wa Kerege. Mzazi wa siku tisa hayuko macho wala hajalala. Ananyonyesha, anasinzia, anaamshwa anywe uji wa pilipili manga, anasinzia tena. Sauti zilinijia kama vitu vinavyoelea majini, na mara nyingi sikujua ipi ni ya uani na ipi ni ya ndotoni.

Nje, hatua chache kutoka dirishani kwangu, lilisimama trekta.

Chama cha wakulima kililileta Alhamisi lilime bonde letu la mpunga kabla mvua hazijashika. Lililima vipande vya watu wote, kikabaki changu. Wenzangu walitaka niwe wa kwanza, kwa kuwa nimetoka kujifungua, lakini kipande changu kiko mwisho kabisa wa bonde na trekta lilianzia juu. Jua lilizama trekta likiwa kwa Mwanahija, jirani yangu. Mwanahija alikuja dirishani usiku ule ule kuniomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyelizamisha jua.

Ijumaa dereva hakulima. Jina lake Muhidini, kijana wa Dar es Salaam mwenye maneno mengi. Alifungua betri na waya zake, akapanda nayo lori kwenda Bagamoyo kuichaji na kuswali huko huko. Jumamosi angemaliza kipande changu, na alasiri lori lingekuja, waongozane mpaka upande wa Msata, ambako wakulima wengine walikuwa wakilisubiri trekta.

Mume wangu Kombo alikuwa Tanga, kibarua wa bandarini. Baba mkwe wangu, Mzee Msabaha, alikuwa ameunda mashua maisha yake yote, na mgongo wake ulishakataa jembe. Mimi nisingeshika jembe mpaka arobaini iishe, na ikiisha bonde lingekuwa limejaa maji. Kwa hiyo kama shamba lisingelimwa Jumamosi ile, mwaka ule tusingekuwa na mpunga.

Asubuhi nilisikia Muhidini akifunga betri yake, akipiga mluzi. Kisha nikasikia, tak.

Kimya. Halafu tena, tak.

Katika usingizi wangu ilikuwa ni mtu anayegonga mlango, kidogo, kwa adabu, akiogopa kumwamsha mtoto. Nikataka kumwambia karibu. Mardhiya akahema kifuani kwangu na mgongaji akaondoka.

"Betri imejaa," nilimsikia Muhidini akisema. "Taa hizi, zitazame, zinawaka kama za harusini. Nikibonyeza tu, zinakufa."

"Labda limechoka," alisema Mzee Msabaha.

"Mzee, hili ni chuma. Chuma hakichoki."

"Chuma huchoka kuliko mti, mwanangu. Ila hakisemi."

Muhidini aligonga stata, ile mota ya kuwashia injini, kwa nyundo, polepole, akidhani imekwama. Tak. Akaita wanaume sita wakalisukuma trekta, magurudumu yakazama mchangani, wakacheka, wakaenda zao. Mwishowe akaifungua stata yenyewe, akailaza juu ya gunia, akaiunganisha na betri kwa waya. Hapo ikazunguka na kuvuma vizuri kabisa, sauti nyembamba iliyoniingia usingizini ikawa nyuki wengi wanaohama. Akairudisha mahali pake, akakaza nati zote. Tak.

"Basi," alisema. "Chini inazunguka, juu haizunguki. Hili limenidharau. Lori likija litalivuta mpaka liwake, na likishawaka sizimi mpaka Msata."

"Na shamba la mkwe wangu?" aliuliza Mzee.

Nilifumbua macho. Kwenye boriti juu yangu buibui alikuwa akishuka taratibu, na niliona bonde langu lote limeota magugu mpaka kwenye miguu ya kitanda.

Ndipo nikaitambua harufu.

Ilikuwa ya mafuta ya papa. Hilo peke yake halikuwa jambo. Uani kulinuka mafuta ya papa tangu jana yake. Ijumaa, dereva alipokuwa Bagamoyo, nilimwona Mzee Msabaha kupitia dirishani akilizunguka trekta na kibuyu chake na kitambaa. Alilipaka mahali pote ambapo chuma kilikuwa uchi, kama alivyokuwa akizipaka mbao za mashua zisiliwe na chumvi. Alipaka kwa upole, akisugua hata pembe ambazo hakuna mtu angeziona, huku akinong'ona nalo. Nilisinzia nikimtazama, na moyo wangu ulikuwa umetulia.

Lakini harufu ya jana ilikuwa mbichi. Hii ya leo ilikuwa ya mafuta yaliyoingia kikaangoni. Na haikuwapo muda wote. Nilinyonyesha huku nasikiliza. Tak, ikaja. Muhidini akapumzika, ikaondoka. Tak, ikaja tena.

Bi Sihaba, mkunga aliyekuwa akinitunza, aliingia na maji ya moto ya kunikanda.

"Bi Sihaba," nilimwambia, "kuna mahali kwenye trekta panapata moto."

"Umeota, mwanangu. Lala upande huu."

"Nusa."

Akasimama na kitambaa kinachochuruzika maji. Nje, tak. Pua yake ikacheza.

"Mafuta ya papa," alisema polepole. "Yanaungua." Akanitazama. Yeye pia alimwona Mzee jana. "Nikamwambie dereva kwamba baba mkwe wako ndiye aliyelitia ugonjwa?"

Mzee yule hakuwahi kuniuliza kwa nini mtoto wa kwanza ni wa kike. Siku niliyojifungua alikaa nje ya ukuta tangu alfajiri, hakula, na aliposikia mtoto analia alisema tu, "Ahsante, Mwaija," kama vile nimempokea mzigo. Sikutaka atajwe uani mbele ya watu.

"Usimtaje mtu," nilisema. "Mwambie abonyeze, halafu apapase vyuma kwa mkono, kimoja kimoja. Kilicho cha moto ndicho kinachouma."

Bi Sihaba akatoka. Nikamsikia akiufikisha ujumbe kama nilivyomtuma, na Muhidini akicheka.

"Mzazi yuko kitandani ananifundisha ufundi?"

"Wewe uko wima tangu asubuhi, umefanya nini?" alisema Bi Sihaba.

Wanawake waliokuwa kisimani wakaguna. Tak. Kisha kimya kirefu, nikajua anapapasa. Kisha akalalama na kupuliza kidole.

"Hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Waya mnene wa betri, pale unapofungwa kwenye mwili wa trekta. Unaunguza kama sufuria." Nikasikia spana. "Kuna utando chini yake. Umekauka kama vanishi. Umeme mdogo wa taa unapenya, ule mkubwa wa stata unakwama. Nani amepaka…"

Hakumaliza. Mardhiya aliacha kunyonya, na mimi nilizuia pumzi.

"Ni mimi," alisema Mzee Msabaha. "Niliona upepo wa bahari unalila. Nilidhani nalisaidia."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na nimesahau mambo mengi niliyoahidi kuyakumbuka, lakini jibu la kijana yule sijalisahau.

"Mzee," alisema Muhidini, "hili trekta tangu lishushwe melini hakuna mtu aliyelihurumia. Kosa ni langu, nilifunga waya bila kupafuta. Sasa nina kidole kimoja kimeungua, na wewe una mikono ya fundi. Nikwangulie hapa, mpaka chuma king'ae."

Nikasikia Mzee akivuta pumzi. Akaagiza kisu chake kidogo na majani ya msasa yaliyobaki kwenye kapu la kazi. Kwa muda mrefu sauti ilikuwa moja tu, ya kukwangua na kusugua, kukwangua na kusugua, na ilinibembeleza kuliko wimbo. Niliota anasugua ukuta wa chumba changu mpaka ukawa mwembamba na mwanga ukapita.

Kisha trekta likanguruma.

Halikubisha mara ya pili. Liliamka kwa mshindo mmoja, vikombe vikatetemeka kwenye rafu ya ukutani, na Mardhiya akafumbua macho yake meusi akanitazama bila kulia. Nikalisikia linarudi nyuma, linageuka, linashuka kuelekea bondeni. Adhuhuri ilikuwa imepita. Nilijaribu kulifuata kwa masikio, mstari wa kwanza, likageuka, mstari wa pili, likageuka, lakini lilinichukua pamoja nalo, na sikufika nalo mstari wa tatu.

Nilipoamka uani kulikuwa kimya na mwanga wa dirishani ulikuwa wa manjano. Bi Sihaba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu yake ina matope mpaka magotini.

"Lori?" niliuliza.

"Limekuja, limesubiri, wameondoka. Mwenye lori alinung'unika. Muhidini alimwambia kuna mzazi hajalimiwa."

"Wamefika mpaka wapi?"

Alifungua pindo la kanga yake, akatoa bonge la udongo, jeusi, lenye unyevu, limekatwa laini upande mmoja na jembe la chuma.

"Baba mkwe wako amenipa nikuletee, kwa kuwa huwezi kwenda kuona," alisema. "Amelichukua kwenye mstari wa mwisho kabisa, karibu na mpaka."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa la baridi, na zito kupita nilivyodhani. Nikaliweka kitandani, upande wa pili wa mtoto, nikalala katikati yao.