Maji Matupu ya Mzee Tatsuzo

Bi Kinuyo hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Kwenye mkutano wa kitongoji alisimama akasema jaruba lake la mpunga halitakaushwa pamoja na mengine katikati ya msimu. Litabaki na maji mpaka viluwiluwi waote miguu na kutoka wenyewe. Korongo walikuwa wamerudi bondeni baada ya kupotea miaka mingi, wana makinda juu ya mlingoti kando ya mto, na makinda hayali hewa.

"Na mpunga ukilala?" akauliza Mzee Tatsuzo, jirani yake wa jaruba la juu. "Udongo usipokauka, mizizi haishiki. Utavuna kwa magoti, Bi Korongo."

"Nitavuna kwa magoti, na chai utaniletea wewe."

Watu wakacheka, wakamkubalia: jaruba moja, msimu mmoja. Vyura wakipatikana, watazungumza tena. Wasipopatikana, atakausha na wenzake, na habari za korongo ziishie hapo.

Siku ya kukausha ikafika. Pale kwao, ukisahau kuondoa ubao unaozuia maji, jirani anakuondolea kimyakimya usije ukaaibika, wala hakwambii. Basi Bi Kinuyo alipofika shambani asubuhi alikuta ubao wake umelala juu ya tuta, na maji yameshakwenda zake. Viluwiluwi walikuwa wamerundikana kwenye vidimbwi vya matope, wengine wana miguu ya nyuma tu, wakitapatapa.

"Nani kafanya huu uchafu?" alipiga kelele huku akiurudisha ubao.

Mzee Tatsuzo alikuwa juu ya tuta lake, uso umemshuka. "Ni mimi, Bi Kinuyo. Naapa sikukusudia! Marehemu mumeo alikuwa anasahau kila mwaka, nikawa namfungulia. Mkono umefanya kabla kichwa hakijaamka."

Alitaka kumtukana, na maneno alikuwa nayo ya kutosha. Lakini mfereji mkuu ulikuwa umefungwa tangu alfajiri, na jua lilikuwa linapanda. Akatazama jaruba la Tatsuzo. Lilikuwa bado limejaa.

"Lako hujafungulia?"

"Nilianza na lako."

"Dawa ya wadudu ulipuliza lini?"

"Wakati wa kupandikiza. Tangu hapo bado."

"Haya, kata tuta. Si unataka kuyamwaga? Yamwage huku!"

"Tuta nimelijenga juzi!"

"Utalijenga tena. Jembe hilo hapo, baba, usinitumbulie macho."

Tatsuzo akakata. Maji yakateremka, yakafunika matope, vidimbwi vikaungana, na viluwiluwi wakatawanyika kati ya mashina ya mpunga. Bi Kinuyo alijua sasa kwamba amewaokoa, na vyura watapatikana, mkutano upende usipende.

Mzee Tatsuzo hakuondoka. Alichuchumaa penye mkato, akatia kofia yake ya majani ndani ya maji, akaiinua, akachungulia. Akarudia. Maji yalikuwa safi, hata mdudu hakuna.

"Wangu wako wapi?"

"Huna."

"Hata mmoja?"

"Kila mwaka unawapulizia, Tatsuzo. Ulitaka wakusubiri?"

Korongo mmoja akashuka, akatua kwenye jaruba la Tatsuzo lililobaki matope, akadonoa hapa, akadonoa pale. Kisha akavuka tuta kwa miguu yake mirefu, akaingia kwa Bi Kinuyo, na papo hapo akainua mdomo akimeza.

"Umeona?" Tatsuzo alisema. "Kanipita kama nyumba isiyo na watu."

Bi Kinuyo alikuwa na utani mzuri sana wa kumjibu, lakini alimtazama usoni akaumeza. Akaketi kando yake kwenye tuta lililokatwa.

"Mwakani sipulizi," alisema Mzee Tatsuzo. "Na mkutanoni nitasema mimi, wewe kaa kimya."