Matairi ya Kaka

Alhamisi asubuhi fundi alifunga nyuzi mbili kando ya gari la mbio, moja kila upande, akashika rula na kuanza kupima kutoka uzi hadi ukingo wa gurudumu. Gereji ilikuwa na mashine ya kompyuta kwa kazi hiyo, lakini yeye aliuamini uzi. Gari lilikuwa la kaka yake. Kaka ndiye aliyeliendesha. Yeye, mdogo wake wa kike, ndiye aliyepanga magurudumu, na kwa kupanga magurudumu mji mzima haukuwa na wa kumfikia.

Gari la barabarani husimamishwa magurudumu wima ili tairi lilike sawasawa. Ya hili la uwanjani aliyalaza, juu yakaingia ndani digrii tatu na nusu, ili likiinama kwenye kona tairi likanyage lami kwa upana wake wote.

"Kona utazila," alimwambia kaka yake, "ila matairi yataliwa upande wa ndani."

"Yaliwe."

Jumapili kaka alishinda. Fundi alikuwa nyumbani anapiga pasi. Magari yalipofika mzunguko wa tatu uwanjani, nyayo zikaanza kumchoma, na mbio zilipokwisha kandambili zilikuwa zinateleza kwa damu. Gari lilirudi matairi yakiwa bado mapya kabisa, hata vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani havijakatika. Kilicholika ni miguu ya fundi, upande wa ndani, milimita nne. Uwanja ule una kona nyingi za kulia, kwa hiyo mguu wa kushoto ulitangulia.

Daktari alimpima, akapima tena, akaandika.

"Magurudumu umeyalaza mno," alisema. "Yasimamishe kidogo." Akampa dawa ya kupaka, akamwita mgonjwa mwingine.

Kaka alishinda mbio tano mfululizo. Wenzake walisimama katikati ya mbio kubadilisha matairi; yeye aliwapita wakiwa wamesimama. Picha yake ilibandikwa sebuleni, kubwa kuliko dirisha. Fundi alikuwa amekwisha hadi kwenye vifundo. Gerejini alijisogeza kwa kile kibao chenye magurudumu ambacho mafundi hulalia wakiingia chini ya gari, na wateja walimsifu kwamba siku hizi hapotezi muda kuinama.

Kabla ya mbio za sita alifuata ushauri wa daktari. Aliyasimamisha magurudumu hadi digrii moja, akakaza boliti, hakumwambia mtu. Jumapili hiyo maumivu yalipungua nusu, akalala usingizi mchana kama mtoto. Kaka alishika nafasi ya nne.

Mezani hakuna aliyemsalimu.

"Gari limekataa kuingia kona," kaka alisema, akimtazama mama.

"Na wewe umelifanyaje?" mama akamgeukia binti yake.

"Nimesimamisha magurudumu, mama. Naisha."

"Mwanangu, kaka yako amebakiza mbio nne tu achukue kombe la mwaka. Nne! Roho mbaya hiyo umeitoa wapi? Kwetu haipo."

Kaka aliweka kijiko chini. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kelele.

"Mdogo wangu, rudisha digrii tatu na nusu."

"Nitabaki na nini, kaka?"

"Utabaki na mikono. Magurudumu hupangwa kwa mikono."

Ilikuwa kweli. Kesho yake alijisukuma chini ya gari, akafunga nyuzi, akalegeza boliti. Alifika tatu na nusu, akaona vipimo bado vina kasoro ya unywele, akavirekebisha. Angeweza kuviacha. Mkono wake haukujua kuacha kazi mbovu, na hilo ndilo alilojichukia kwalo siku nzima.

Jumapili kaka alishinda tena. Alipoulizwa siri ya ushindi alisema ni kuyatunza matairi.

Fundi aliporudishwa chumbani alimkuta mama kwenye cherehani na suruali zake zote za kazi. Mama alikuwa amezikata hadi magotini, miguu ya kushoto na ya kulia, anakunja pindo na kushona mshono mara mbili. Alisema ni afadhali amalize sasa, maana kupunguza kidogo kidogo kila wiki kunamuumiza mgongo.